Je, Mtoto Mwenye Kilema Anyimwe Masomo?

Kila mwaka, mwezi wa Septemba, kengele ya shule hulia katika vijiji vya Kongo, nao watoto hushika njia na madaftari yao mkononi. Walakini katika vijiji vingi yuko mtoto asiyeshika njia hiyo. Huyu miguu yake imepooza, yule macho yake hayaoni, mwingine masikio yake yamezibika tangu utotoni. Hubaki uani pamoja na wazee na kuku, akilinda mihogo iliyoanikwa. Asubuhi huwaona wenzake wakienda, na adhuhuri huwaona wakirudi. Watu wa kijiji hawastaajabu, kwa kuwa wamezoea. Basi yafaa kuuliza: je, mtoto huyo amepatwa na bahati mbaya tu, au amekosewa?

Swali hili si dogo. Bahati mbaya haina mwenye kosa. Upepo ukiangusha mti juu ya nyumba, hakuna wa kushtakiwa. Lakini mtu akinyimwa kilicho chake, yupo aliyemnyima. Kupooza kwa miguu ni msiba; kufungiwa mlango wa shule ni tendo la watu, na tendo la watu sharti lipimwe kwa haki.

Wanaoufunga mlango huo wana sababu zao, na kwa kawaida ni nne. Yafaa kuzisikiliza moja moja, maana wengi wanaozisema si watu waovu.

Sababu ya kwanza: "Mtoto huyu ana laana."

Katika ukoo, kilema kikitokea, wengine hutafuta mchawi, na wengine hutafuta kosa la mama. Mtoto hufichwa ili aibu isionekane. Lakini vilema vingi vina asili inayojulikana. Katika nchi ya Kwango kuna ugonjwa uitwao konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Ugonjwa huo hushika miguu kwa ghafula, hasa ya watoto na ya wanawake, na miguu iliyoshikwa hivyo hairudii hali yake ya kwanza. Asili yake ni sumu iliyomo katika muhogo mchungu usiotayarishwa vema. Wakati wa njaa watu hawangoji, huuloweka siku moja badala ya siku tatu au zaidi, nayo sumu hubaki ndani ya unga. Kumbe hapo hapana mchawi: pana njaa na haraka. Vivyo hivyo polio hutoka katika kijidudu, nayo huzuiwa kwa chanjo. Upofu mwingine huletwa na inzi wadogo weusi wa kando ya mito yenye maji ya kasi. Uziwi mwingi hufuata homa ya uti wa mgongo.

Tena wakatekumeni wamekwisha kusikia habari ya mtu aliyezaliwa kipofu, katika Injili ya Yohane. Wanafunzi wa Yezu walitaka kujua nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana alikana yote mawili, kisha akamponya. Basi anayetaka kuwa Mkristu hawezi kulirudisha neno la laana lililokwisha kukataliwa hivyo. Na wahenga nao walisema: hujafa hujaumbika. Anayemcheka kiwete leo hajui miguu yake itampeleka wapi kesho.

Sababu ya pili: "Hata akisoma, hataweza kitu."

Neno hili limesemwa zamani katika nchi nyingi, na kila mahali limeonekana kuwa la uongo. Huko Ufaransa, katika karne ya 18, watu wengi walidhani kwamba kiziwi asiyesema hana akili ya kufundishwa. Padri mmoja, de l'Épée, alikutana mjini Paris na ndugu wawili wa kike waliokuwa viziwi. Alihuzunika kuona hakuna awezaye kuwafundisha dini. Hakusema kwamba hawawezi. Aliwaona wakisemezana kwa mikono, akajifunza ishara zao, na kwa njia hiyo akawafundisha. Kutoka hapo ilizaliwa, yapata mwaka 1760, shule ya viziwi iliyopokea watoto wa maskini bila malipo. Tazama jambo hili vizuri: aliyekuwa hajui kitu kwanza si mwanafunzi, ni mwalimu. Mwalimu alipojifunza, mwanafunzi naye akajifunza.

Mfaransa mwingine, Louis Braille, alizaliwa mwaka 1809. Alipokuwa na miaka mitatu alijichoma jicho kwa chuma chenye ncha katika karakana ya baba yake, ugonjwa ukaenea jicho la pili, akawa kipofu kabisa. Mwaka 1819 alipokewa katika shule ya vipofu huko Paris. Mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15 tu, alikuwa amekwisha kutunga maandiko ya nukta sita zilizoinuka, yasomwayo kwa ncha za vidole. Leo vipofu wa dunia yote husoma kwa maandiko hayo. Kama shule ile ingalimkataa, hasara isingalikuwa yake peke yake.

Na Afrika je? Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alipata uziwi akiwa na miaka 11. Mwaka 1957 alianzisha shule ya viziwi nchini Ghana, kisha akaanzisha nyingine katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwamo, hata alipokufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Kiziwi aliyesoma aliwafungulia viziwi wengine mlango.

Lakini hata kama mtoto hatakuwa mtu mashuhuri, haki yake haipungui. Watoto wengi wenye miguu mizima na macho mazima hawatakuwa mashuhuri pia, wala hakuna anayewafukuza kwa ajili hiyo. Kipimo ambacho hakitumiwi kwa watoto wote hakifai kutumiwa kwa mmoja tu.

Sababu ya tatu: "Atawachelewesha wenzake."

Hapa sharti kusema kweli: ugumu upo. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini katika chumba kimoja, asiye na vitabu vya kutosha, ana mzigo mzito. Hakufundishwa namna ya kumsomesha kipofu. Akikataa, mara nyingi hakatai kwa chuki, bali kwa uchovu na hofu.

Lakini mambo mengi yanayohitajika hayadai fedha nyingi. Mtoto asiyesikia vizuri hukalishwa mbele, naye mwalimu humgeukia anaposema. Mwenye macho hafifu husogezwa karibu na ubao. Mwenye miguu dhaifu hutengenezewa njia ya udongo ulioshindiliwa mahali pa ngazi, na choo anachoweza kukifikia. Haya huweza kufanywa na wazazi kwa siku moja ya kazi ya pamoja. Yako mengine yanayohitaji mwalimu aliyeandaliwa: maandiko ya nukta kwa kipofu, lugha ya ishara kwa kiziwi. Mtoto wa namna hiyo akipelekwa penye mwalimu anayeyajua, hakutengwa, amesaidiwa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumpeleka mtoto mahali patakapomfaa na kumrudisha nyumbani pasipo na kitu. La kwanza ni uongozi; la pili ni kumtupa.

Na wenzake je, hupata hasara? Mtoto anayemngoja mwenzake njiani, anayembebea daftari, anayemrudilia somo polepole, yeye mwenyewe hulielewa somo zaidi, na tena hujifunza jambo lisiloandikwa ubaoni.

Sababu ya nne: "Fedha ni chache."

Hii ndiyo sababu nzito kuliko zote. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kulitimiza neno hilo. Hata hivyo madaftari na mavazi hununuliwa, na masomo ya sekondari yana gharama zake. Baba mwenye watoto wanne na fedha za wawili hufanya hesabu. Husema: "Nitamsomesha mwenye nguvu, ili kesho atulishe sote. Huyu mwingine akae." Wala hasemi bila machozi.

Hesabu hiyo hufanana na busara, lakini imepinduliwa. Kijana mwenye miguu na mikono, akikosa shule, bado ana jembe, ana nyavu, ana mzigo wa kubeba sokoni. Maisha yake yatakuwa magumu, lakini njia ipo. Yule aliyepooza miguu hawezi kulima mlimani. Amebakiwa na akili yake na mikono yake: aweza kushona, kuandika, kutunza hesabu za duka, kufundisha. Njia hizo zote hupitia shuleni. Akinyimwa masomo, hana tena njia ila kukaa mlangoni na kunyosha mkono. Kwa hiyo yeye aliye wa mwisho katika hesabu ya baba ndiye anayehitaji zaidi. Haisemwi kwamba ndugu yake anyang'anywe nafasi. Inasemwa tu kwamba, fedha zinapopungua, kilema kisiwe ndicho kinachoamua nani aachwe.

Je, ni huruma au ni haki?

Watu wengi humpa mtoto mwenye kilema sadaka ya ndizi au ya nguo, na hudhani wamemaliza. Huruma ni njema, lakini anayepewa kwa huruma hushukuru na kungoja. Anayepewa kwa haki huinua kichwa. Mataifa yalifanya mapatano mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye kilema, na masomo yamo katika haki hizo. Kongo iliyaingia mwaka 2015. Kisha tarehe 3 Mei 2022 Kongo ilitoa sheria yake yenyewe ya kuwalinda watu hao. Basi mzazi anayemleta mtoto wake shuleni hamwombi mkubwa wa shule fadhili. Anadai kilicho cha mtoto.

Walakini sheria iliyoandikwa Kinshasa haimvushi mtoto mto. Wa kumvusha ni jirani. Wa kumkaribisha ni mwalimu. Wa kumtetea penye mzaha ni mwanafunzi mwenzake. Na jambo la kwanza kabisa halina gharama hata senti moja: kumwita kwa jina lake. Mara nyingi huitwa "Kiwete" au "Bubu," hata jina lake la kweli likasahauliwa. Wakatekumeni wanalingoja jina lao la Ubatizo kwa hamu, nao wanajua thamani ya kuitwa kwa jina. Mtoto yule wa uani naye ana jina, na kosa la kumnyima masomo huanza siku jina hilo linapoachwa kutajwa.

Maswali ya kuzungumza pamoja na katekista:

1. Katika kijiji hiki, ni watoto gani wasiokwenda shuleni kwa sababu ya kilema? Majina yao ni nani?

2. Kitu gani hasa kinawazuia: mwili wao, njia, mwalimu, fedha, au aibu ya watu wa nyumbani?

3. Katika hayo, lipi laweza kuondolewa na kijiji chenyewe kabla ya Septemba ijayo, na nani ataanza?