Hazina ya Ardhini na Dhana ya Amana Nchini El Salvador

El Salvador ndiyo nchi ndogo kuliko zote za Amerika ya Kati, yenye eneo la kilomita za mraba 21,000 hivi na watu wapatao milioni sita, ambayo tangu mwaka 2001 hutumia dola ya Marekani, na ambayo fedha zinazotumwa nyumbani na wahamiaji wake hulingana na zaidi ya moja ya tano ya pato la taifa. Katika uchumi unaotegemea jasho la watu waliokwisha kuondoka, si ajabu dhahabu ikaonekana kuwa mkombozi.

Machi 2017, kwa msukumo mkubwa wa Kanisa Katoliki, Bunge lilipiga marufuku uchimbaji wote wa metali, hatua ambayo hakuna nchi nyingine iliyokuwa imeichukua. Desemba 2024 sheria hiyo ilifutwa, baada ya Rais Nayib Bukele kudai kwamba Mungu ameweka hazina kubwa mno chini ya miguu ya Wasalvador.

Dai hilo, ijapokuwa limetoka kinywani mwa mwanasiasa, ni la kiteolojia, yaani linahusu makusudi ya Mungu kwa viumbe vyake, na linastahili kupimwa kwa mizani hiyo hiyo. Ikiwa kuwapo kwa dhahabu ni idhini ya kuichimba, basi mto Lempa, ambao bonde lake huchukua karibu nusu ya nchi, nao umewekwa na Mungu yule yule, na mafundisho ya Kanisa huzihesabu neema zote mbili kuwa amana, maana yake mali ambayo mwenye kuishika hana ruhusa ya kuiharibu. Huko La Unión, mto San Sebastián hupita karibu na mgodi wa zamani ukiwa na rangi ya kutu, kwa kuwa mawe yenye salfa yakikutana na hewa na maji hutoa asidi inayoyeyusha metali, na jambo hilo huendelea miaka mingi baada ya wachimbaji kuondoka.

Mtetezi wa uchimbaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama maskini ashindie maji safi peke yake. Lakini dhahabu inaweza kungoja ardhini bila kupungua, ilhali mto uliokwisha kutiwa sumu haumngoji mtu. Kwa hiyo wajibu wa kuthibitisha unamwangukia anayetaka kuchimba, na sheria ya 2024 iliyofuta marufuku haikuutimiza. Machi 2025 Kanisa lilipeleka bungeni saini zaidi ya laki moja za wananchi walioomba sheria hiyo iondolewe.