Laka Juu ya Ethi

Wanaotengeneza ampu kwa mikono yao wanajua kwamba mteja hununua kwa jicho kabla ya sikio. Transfoma inaweza kuwa ya waya wa shaba tupu, risasi ya kuchomelea ikawa safi, sauti ikatoka bila mvumo; kasha likiwa ni bati lenye alama za nyundo, mteja ataona ametajiwa bei kubwa. Kasha likiwa jeusi na kung'aa hadi sura inaonekana ndani yake, hata kushusha bei anaona haya. Ndiyo maana mafundi vijana wamejifunza kupuliza laka, nami nawaunga mkono kwa moyo wote. Kazi nzuri ndani inastahili kumaliziwa vizuri nje. Kisa hiki ni cha kijana aliyejua kung'arisha kuliko wengi wa rika lake, na kosa lililofanyika lilikaa katika eneo dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Karakana yake ilikuwa Temeke. Umeme alijifunza kwa mzee mmoja mtengeneza redio, na kupuliza rangi alijifunza kwa mafundi samani wa Keko, ambako alikwenda kuwasaidia jioni akalipwa kwa ujuzi tu. Siku kikundi cha muziki wa harusi kilipomwagiza ampu ya maiki na kinanda, aliamua kuonyesha kila alichonacho. Alikunja bati la chuma, akachomelea pembe, akajaza puti, akasugua hadi kiganja hakihisi tena mahali bati lilipoungana.

Ulikuwa mwezi wa Mei, masika bado hayajaisha, na hapo uhodari wake ulionekana. Laka ya nitroselulosi hukauka kwa tina kuruka hewani. Tina inaporuka haraka hupooza uso wa kazi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hutua juu ya laka mbichi kama yanavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Asubuhi yake unakuta ukungu mweupe ndani ya rangi nyeusi. Wengine hupuliza tu wakitumaini jua litautoa. Yeye alisubiri siku kavu, akapuliza kuanzia saa nne asubuhi, akaacha kabla ya jioni kuingia. Alipuliza mikono myembamba myembamba, kila mkono ukilainisha ule wa chini yake na kushikamana nao, badala ya kumwaga mkono mmoja mnene ambao ungekauka juu na kufungia tina ndani.

Kisha akaliacha kasha wiki tatu nzima. Mteja alipiga simu, akaambiwa bado. Hili ni gumu kwa fundi mwenye njaa, lakini ndilo sahihi. Laka hukauka mguso kwa dakika chache tu, ilhali huendelea kujivuta na kuzama kwa wiki kadhaa. Ukiisugua mapema, mng'ao wa leo mwezi ujao utakuwa na mawimbi na michirizi ya msasa wa chini. Wiki tatu zilipotimia alisugua kwa maji, msasa namba 800, kisha 1000, 1500, na 2000, akamalizia kwa polishi ya magari na kitambaa cha pamba. Waliolipita kasha lile mlangoni walisimama.

Sasa tuje kwenye bolti.

Kifaa chenye kasha la chuma kinachotumia umeme wa nyumbani kwa kawaida kinatakiwa kuwa na waya wa ethi, ule wa kijani na njano, uliofungwa kwenye kasha lenyewe. Kijana alilijua hilo, na alikuwa ametoboa tundu la bolti ya ethi kabla ya kupuliza. Kutoboa kwanza ni sawa, kwa sababu keekee ikipita kwenye laka kavu huipasua kando ya tundu. Lakini laka ilipopulizwa iliingia pia ndani ya tundu, ikapaka kingo zake, ikafunika bati pande zote mbili. Alipofika kufunga waya alipaswa kukwangua hapo hadi chuma kionekane. Aliuonea huruma uso ule. Akapitisha bolti, akavisha kichwa cha waya, akaweka washa laini, akakaza nati kwa nguvu zake zote.

Akapima. Msidhani hakupima. Alishika mita, ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi, ncha nyingine kwenye kichwa cha bolti. Mita ikalia. Akafunika kasha, akapeleka kazi.

Kwa miezi kadhaa ampu ilipiga muziki bila tatizo, ikibebwa na kirikuu kutoka ukumbi hadi ukumbi. Ndani yake, waya wa laivu ulipita kwenye tundu la bati la kugawa chumba cha transfoma, na tundu hilo halikuvishwa mpira. Kwenye kingo kali laka hukaa nyembamba sana, kwa kuwa inapokauka hujivuta kuondoka kwenye ncha. Mtikisiko wa barabara ukakwangua laka, kisha ukakwangua plastiki ya waya, mpaka shaba ikagusa bati.

Ethi ingekuwa nzima, umeme mwingi ungekimbilia huko papo hapo, fyuzi ingekatika, ampu ingenyamaza na harusi ingekosa muziki. Fundi angelaumiwa, na hayo yangekuwa malipo madogo. Lakini ethi ilikuwa imefungwa juu ya laka, na laka haipitishi umeme. Fyuzi haikuona kitu. Kasha zima likakaa na volti 230, likipiga muziki mzuri na kung'aa vilevile.

Kulikuwa na dalili moja, nayo naitaja kwa sababu mtu aliyewahi kuisikia hataisahau. Mpiga kinanda alisema kwamba siku zile akipitisha vidole juu ya kasha aliona limekuwa na ukakasi, na wakichomoa umeme linakuwa laini tena. Walidhani ni vumbi la ukumbini. Wataalamu wa Marekani waliliandika jambo hilo katika jarida la Science mwaka 1953: kidole kikavu kikiteleza juu ya chuma chenye umeme kilichofunikwa na tabaka jembamba la rangi, umeme hukivuta na kukiachia mara nyingi kwa sekunde, na ngozi husoma mvutano huo kama ukwaruzaji. Kifaa chochote kinachobadilika hivyo mkononi mwako kikiwa kimewashwa, chomoa plagi usiguse kingine.

Basi laka iliyozuia ethi ndiyo iliyowakinga waliogusa uso wa kasha. Tundu la kuchomekea maiki halikuwa na kinga hiyo. Washa yake ina meno, na ilipokazwa ilikuwa imeuma laka hadi kwenye bati. Kutoka hapo umeme ulifuata wavu wa waya wa maiki, hadi kwenye mwili wa maiki, ambao ni chuma.

Siku hiyo harusi ilikuwa uani, mvua imepita alasiri, mikeka imetandikwa juu ya udongo uliolowa. Mwimbaji alikuwa amevua viatu. Alishika maiki, akafungua kinywa kuanza, na watu waliona mkono wake umekaza na mwili umesimama wima bila sauti. Umeme ukipita mkononi kwa kiasi cha miliampia kumi na kuendelea, misuli hujikunja na mtu hawezi kuachia alichokishika hata akitaka. Mvulana aliyekuwa akichunga nyaya hakumgusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani akachomoa. Mwimbaji alianguka akiwa hai. Vidole viliungua, akalala hospitali usiku ule, akarudi kwake.

Wengi waliposikia waliuliza fyuzi ilikuwa wapi. Ilikuwepo, ya ampia tano, nzima kabisa. Ampia tano ni miliampia elfu tano. Mwili uliolowa unaweza kuzuia umeme kwa omu elfu moja hivi, na volti 230 zikipita hapo ni miliampia 230, ambazo zinatosha kabisa kuuvuruga moyo na hazifiki hata sehemu ya ishirini ya kiwango cha fyuzi ile. Fyuzi huzuia waya usiungue na nyumba isiwake moto. Mtu hulindwa na ethi. Na hata jukwaa la kitaalamu halina kinga ya pekee: mwaka 1972, mjini Swansea, Wales, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa mbele ya wasikilizaji wake alipogusa maiki ambayo ethi yake haikuwa sawa.

Kijana alilibeba kasha kwa mzee wake wa redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Liweke hapo. Ulipima ethi?"

"Nilipima, mzee. Mita ililia."

"Nipimie tena nione."

Akapima kama alivyopima mara ya kwanza, pini ndefu ya plagi na kichwa cha bolti. Mita ikalia. Mzee hakusema neno. Alichukua kisu kidogo, akainamisha kasha, akakwangua ndani kwenye pembe ya mbali mpaka chuma cheupe kikatokea, upana wa punje ya mchele. Akamshika kijana mkono akauhamisha, ncha ya mita kutoka kwenye bolti hadi pale alipokwangua. Mita ikanyamaza kimya.

"Ulipima bolti," mzee akasema. "Watu hawashiki bolti, mwanangu. Wanashika kasha."

Bolti ilikuwa imegusana na waya, na waya na plagi; njia hiyo ilikuwa kamili. Ila bolti ile ilipita katikati ya bati bila kuligusa popote, imezungukwa na laka ndani ya tundu, laka chini ya washa, laka chini ya nati. Wakafungua, wakakwangua pande zote mbili mduara mpana kidogo kuliko washa, wakaweka washa ya meno, wakakaza. Mita ikalia pembeni. Kijana akaanza kukusanya skrubu za mfuniko, mzee akamzuia, akakwangua nukta ndani ya mfuniko, wakaurudisha, wakapima. Kimya tena. Skrubu nne za mfuniko nazo zilikuwa zimekaa juu ya laka. Mara nyingine skrubu hukata rangi na kufikia chuma, mara nyingine haikati, na hilo huwezi kulijua kwa macho. Mfuniko ukapewa waya wake wa kijani na njano, mrefu wa kutosha kuufungua bila kuukata, na kila tundu linalopitisha waya likavishwa mpira.

Anayetaka kung'arisha kasha lake na asiingie njia ile aanze kabla ya kupuliza. Selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, ikatwe miduara na kubandikwa mahali pa bolti ya ethi, ndani na nje, na mahali mfuniko unapokalia. Kijitundu kizibwe kwa kipande cha mti. Selotepu ikibanduliwa laka ikiwa bado changa, kingo hutoka safi na hakuna wa kuonea huruma chochote. Bolti ya ethi iwe ya ethi peke yake, isishirikishwe na miguu ya transfoma. Bati la kupoozea transista liachwe nje ya sherehe, maana tabaka nene la laka huzuia joto kutoka. Miguu ya mpira nayo huacha madoa kwenye laka ya nitroselulosi, kwa hiyo iwekwe baada ya wiki zile za kusubiri, na sehemu inapokaa ni bora isipakwe.

Lipo la moto pia, na sitalipita kimyakimya ingawa halikumpata kijana huyu. Nitroselulosi ni pamba iliyotiwa tindikali, ndugu wa karibu wa baruti, na mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni, ukaenda kulifuata jiko la mkaa la mama lishe wa mlango wa pili. Apulizaye apulize penye upepo, mbali na moto na cheche, na barakoa yake iwe ya kuchuja mvuke. Kitambaa cha mdomoni huzuia vumbi tu.

Siku hizi kijana huyo humpa mteja mita mkononi kabla ya kupokea pesa. Humwonyesha nukta tatu alizoacha bila laka ndani ya kasha, moja pembeni, moja mfunikoni, moja karibu na tundu la maiki, na mteja mwenyewe hupima kutoka pini ya plagi. Halafu humuuliza soketi za nyumbani kwake zimefungwa na nani. Ethi ya kasha inaishia kwenye plagi. Kutoka hapo inategemea waya wa ukutani na fimbo iliyozamishwa ardhini, na nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu ambayo nyuma yake zimekuja nyaya mbili tu. Kwa nyumba kama hiyo humwambia mteja atafute fundi umeme mwenye leseni, aweke fimbo, na aongeze kile kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampia 30, chenye kitufe cha kujaribia. Mara mbili amekataa kukabidhi ampu mpaka hilo limefanyika, na mara zote mbili mteja alirudi kuichukua.