Kumwachia Mungu, au Kukwepa?

Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita nilikwenda kwa shangazi yangu Nchelenge, Zambia, ufukoni mwa Ziwa Mweru. Jirani yake, mama wa Kikongo kutoka ng'ambo ya ziwa, anauza chisense, dagaa wa ziwa lile. Mwanawe wa miaka miwili hushinda akipanga vizibo vya soda mstari mmoja. Akiitwa jina hageuki. Lakini injini ya boti ikiwaka, hata kwa mbali, huziba masikio na kulia. Basi anasikia.

Siku moja mama akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe uliyesoma, huyu mtoto ana nini?"

Nilikuwa nimeshahisi. Nikajibu, "Wavulana huchelewa kusema, dada. Mwachie Mungu."

Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo. Nililiita tawakkul, kumbe lilikuwa woga. Niliogopa kumtia uchungu, na zaidi niliogopa swali ambalo lingefuata. Nikatumia jina la Mwenyezi Mungu kufunga mazungumzo.

Mtaniambia: wewe si daktari, na kumpachika mtoto wa watu jina la usonji ni kumdhulumu. Kweli. Lakini kuhukumu ni jambo moja, kueleza ulichokiona ni jingine. Dalili zenyewe hazihitaji shahada: mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa, wala kupunga mkono, wa mwaka mmoja na nusu asiyenyoosha kidole kukuonyesha kinachomfurahisha, wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, na wa umri wowote anayepoteza maneno aliyokuwa nayo. Dalili moja pekee haitoshi kukata neno, ila inatosha kumpeleka hospitali, apimwe masikio, kisha makuzi. Nchelenge malaria ni nyingi, na ile inayopanda kichwani huweza pia kuathiri usemi. Kwa hiyo anatakiwa mpimaji, si mkisiaji.

Usonji si homa ya kupona, ila msaada wa mapema humsaidia mtoto kuwasiliana na wenzake. Abdallah ibn Ummi Maktum alikuwa kipofu, na kipofu hivyo hivyo aliadhini Madina. Hakungojwa aone ndipo apewe nafasi.

Nimempigia shangazi simu. Nimemwomba amweleze mama yule nilichokiona, na amwombee radhi kwa niaba yangu. Ameahidi kumsindikiza hospitali. Wakishafika huko, hapo ndipo neno "mwachie Mungu" litakuwa na haki ya kutoka kinywani mwangu.

Wabillahi tawfiq.