Nimemrudisha, Sijamuua

Wapo ndugu zetu ambao siku za mapumziko hushuka kusini mwa Bujumbura, upande wa Rumonge, wakasimama juu ya miamba ya Ziwa Tanganyika na ufito mwepesi, mshipi mwembamba kama uzi, na chambo cha bandia kisichozidi kidole. Hawatafuti mukeke wala sangala. Wanavua samaki wadogo wa miambani, wanawapiga picha, kisha wanawarudisha majini. Ukiwauliza, jibu ni moja: nimemrudisha, sijamuua, kosa liko wapi?

Uvuvi ni halali, hilo halina ubishi. Aya ya 96 ya Suratul Maida imehalalisha windo la bahari, na wanazuoni wameingiza humo mito na maziwa. Lakini aya hiyo inataja chakula, na manufaa kwetu na kwa wasafiri. Msafiri hashibi picha iliyo kwenye simu yako.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Ibn Umar aliwapita vijana wa Kikuraishi waliomfunga ndege wakimlenga kwa mishale. Walipomwona, wakatawanyika. (Kama ulikuwa mchezo tu, mbona walikimbia?) Akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Mimi si mufti, na sisemi ndoana ina hukumu ya mshale. Ninachosema ni kwamba neno "sijamuua" halitoshi, kwa sababu ubaya wa mchezo ule haukuwa kifo peke yake. Mvuvi wa ndagala anaua maelfu kwa usiku mmoja wala simlaumu, maana Buyenzi nzima inakula.

Tena hebu tuwatazame samaki wenyewe. Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote hazipatikani kwingine duniani, na samaki hawa ni walezi. Katika aina nyingi jike hubeba mayai na vifaranga kinywani mwake kwa wiki kadhaa. Akishtushwa sana anaweza kuvitema. Katika nyingine wazazi hukaa mbele ya mwamba wakilinda vifaranga, na hushambulia chochote kinachosogea. Samaki wa namna hii akiuma chambo chako, huenda hana njaa kabisa. Anamfukuza adui asile watoto wake. Ukimwinua dakika mbili kwa ajili ya picha, vifaranga vimebaki bila mlinzi, na wanaovitamani wako pale pale kwenye nyufa. Kisha unamrudisha, ukasema hukuua.

Kumrudisha samaki kwa kuwa ni mdogo, au umeona analea, ni ihsani. Kumrudisha kwa sababu hukumhitaji tangu ulipotoka nyumbani ni jambo jingine.

Anayetaka kitoweo avue, amuue upesi, ale na ampe jirani. Asiyetaka aache ndoana nyumbani achukue miwani ya kuzamia. Maji ya miambani ni maangavu, na wazazi hao wanaonekana hatua chache tu kutoka ukingoni. Awaulize wenyeji kwanza habari za mamba.

Wallahu a'lam.