Nyamaza, Mwalimu!

Mwezi uliopita nilitolewa nje ya ukumbi wa video hapa Kakuma kwa kosa la kusema kweli. Mwenye ukumbi alinirudishia shilingi zangu 20 mkononi, akanifungulia pazia la turubai, akasema kwa upole, "Mzee, nenda upumzike kidogo." Mimi sina hata miaka 40. Hiyo "mzee" iliniuma kuliko kufukuzwa.

Wenye kwenda video wanaujua ukumbi wenyewe. Kwa wageni wetu wa mashirika, ambao wamezoea sinema za Nairobi, kule mtu akikohoa anaomba radhi, nitaeleza kidogo. Ni mabati pande zote, mabenchi ya mbao, runinga juu ya meza, spika mbili kubwa kuliko runinga, na joto la kuivisha maharage. Vijana warefu wa Sudan Kusini hukaa mbele, na kwa nini wasikae nyuma sijawahi kupata jibu. Kuna mtu lazima apokee simu: "Niko kwa video, ongea!" Kuna mwingine ameshaiona hiyo filamu mara nne, naye hakubali kufa na siri. Jenereta ikikata mafuta, hukata wakati staring amezungukwa na maadui, haikati kabla wala baada.

Yote hayo nayavumilia, hata nayapenda. Ninachoshindwa kuvumilia ni mtafsiri.

Afrika Mashariki tumezoea filamu yenye mtu anayeisimulia juu ya sauti yake. Kenya wana DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda kina VJ Jingo. Ukumbi wetu una santuri za namna hiyo, lakini siku za wikendi kuna kijana wetu mwenyewe anayeshika mic na kusimulia moja kwa moja, Kiswahili cha Bujumbura kilichochanganywa na cha Nairobi. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Hilo halimsumbui hata kidogo. Anaangalia midomo ya wazungu inavyocheza, anaweka maneno anayotaka.

Siku hiyo ilikuwa Commando, ile ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger anatafuta binti yake aliyetekwa. Mnakumbuka pale anamshika mguu yule mtu mfupi, Sully, anamning'iniza juu ya genge. Kijana wetu akasema kwenye mic: "Wewe ndiye unayeruka foleni ya unga kila mwezi! Leo kadi yako imefungwa!" Akaachiliwa Sully, ukumbi ukalipuka. Watu walipiga mabati kwa ngumi. Mama mmoja Msomali aliyekuja kuuza sambusa alicheka mpaka akakaa chini.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti: "Hajasema hivyo! Amemkumbusha kwamba alimwahidi kumuua wa mwisho, na sasa anamwambia alimdanganya!"

Kijana akajibu kwa mic, "Mwalimu, hapa mic ni moja." Na benchi zote: "Nyamaza, mwalimu!" Nikaendelea kubishana. Ndipo zile shilingi 20 zikarudi.

Sasa niseme kwa nini nilisimama, maana mtu mwenye akili hasimami kumtetea Schwarzenegger.

Mimi ni mkalimani. Tangu 2019 nakaa katikati ya afisa na mtu aliyekuja kueleza mambo yake, nalipwa ile posho tunayoiita insentivu. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa: usiongeze, usipunguze, usibadilishe. Nilijivunia kanuni hiyo kama fundi anavyojivunia timazi yake. Kwa hiyo nikimsikia kijana anaweka foleni ya unga mdomoni mwa Mmarekani, mwili wangu unawasha.

Lakini wiki mbili kabla ya siku ile kulikuwa na mama mmoja. Nimegeuza mambo yake kiasi kwamba hata yeye akisoma hapa hatajitambua. Kitu kimoja tu sikugeuza, neno lake. Alifika kwenye sehemu ya usiku waliovamiwa, akasema, "Walinikamata." Mimi ni mtoto wa Uvira. Kwetu, mama wa umri ule akisema "walinikamata" huku anaangalia kitenge chake, hazungumzii habari za polisi. Nililisikia lote. Nikalipeleka kwa Kiingereza lilivyo: walimkamata. Afisa akaandika, akauliza, "Alikaa kizuizini siku ngapi?" Nikalitafsiri na swali hilo, sawasawa kabisa. Mama hakumwangalia afisa. Aliniangalia mimi. Kisha akasema, "Siku moja."

Nikatafsiri: siku moja.

Kanuni hiyohiyo ninayojivunia inaruhusu mkalimani kuinua mkono na kusema, "Mkalimani anaomba neno hili lifafanuliwe." Nimefanya hivyo mara nyingi kwa majina ya vijiji na ya vyeo. Siku ile sikuinua. Nilijipa sababu: ni sawa na mama yangu mdogo, ningemtamkishaje jambo hilo mbele yangu mimi mwanaume? Na sababu nyingine naona aibu kuiandika: ilikuwa karibu saa saba, na tulikuwa na njaa.

Kwa wiki mbili nilijiambia nilikuwa mwaminifu. Sikuongeza, sikupunguza. Kisha nikaenda video kupumzisha kichwa, nikajikuta nimesimama mbele za watu nikitetea sentensi ya Schwarzenegger kama vile ni kiapo cha mahakamani. Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani na zile shilingi mkononi, nikaanza kujiuliza: kwa nini huyu kijana anayedanganya kutoka mwanzo hadi mwisho hajamkosea mtu, na mimi ambaye sikudanganya hata neno moja nimemkosea?

Jibu jepesi ni kwamba kule ni mchezo na huku ni kazi. Halinitoshi. Mchezo nao unaumiza. Kuna siku kijana huyohuyo alimpa jambazi wa filamu lafudhi ya kabila fulani tulilo nalo hapa, watu wakainuka, na hakuendelea mpaka alipoomba msamaha kwenye mic hiyohiyo. Tazama basi kilichotokea: walimzuia. Waliweza kumzuia kwa sababu kila mtu mle ndani anaiona picha. Wanaona mtu ameshikwa mguu juu ya genge. Foleni ya unga wanajua imetoka kwa nani. Uongo wa kijana umekaa wazi kando ya ukweli wake, na mwenye shilingi 20 ana haki ya kupiga kelele.

Hata zamani ilikuwa hivyo. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha jaribio la sinema kutoka Vugiri, milimani Usambara, wakazungusha filamu zao kwa lori: minyoo, kodi, kuweka akiba posta. Maneno yalitoka kwenye santuri kwa lugha za wenyeji, na maneno yalikuwa ya serikali. Lakini picha ilikuwa mbele ya watu, na nadhani walicheka wasipotakiwa kucheka.

Ofisini hakuna picha. Afisa hamwoni yule mama anavyoonekana kwetu. Anaona mdomo unaotembea, kama vile kijana wetu anavyowaona wazungu. Anachokijua ni sauti yangu. Na mama naye hajui nimesema nini. Hakuna wa kuniambia "Nyamaza, mwalimu", wala "Sema vizuri". Mic ni moja kweli.

Najua mwenzangu atasema: kwa hiyo tuongeze? Hapana, bwana. Nilimjua mkalimani aliyekuwa "anasaidia" watu, anaipamba habari ya kila mtu kwa huruma. Mtu akiulizwa tena mwaka unaofuata mbele ya mkalimani mwingine, maneno hayalingani, naye ndiye anayeonekana mwongo. Sitetei hilo. Nasema tu kwamba nilikuwa na mkono, na sikuuinua, na nikauita uvivu huo uaminifu.

Jumatatu nilikwenda kwa afisa. Nilimweleza neno hilo kwetu linabeba nini. Aliweka kikombe chini. Aliniuliza linaandikwaje, akaliandika kwenye daftari lake. Akasema mama ataitwa tena, na safari hii mkalimani awe mwanamke. Ameshaitwa. Sijui alisema nini, wala si haki yangu kujua.

Nikadhani yameisha. Nilikuwa nimeshika mlango aliponiuliza, bila ukali wowote, "Neno hilo umelitafsiri mara ngapi?"

Nilisimama pale nahesabu. Siku hizi Alhamisi mchana, kazi ikipungua, yeye anafungua mafaili yale niliyokalimani mimi, anatafuta penye "alikamatwa", na mimi najaribu kukumbuka uso na sauti. Tumefika 2021. Video sijarudi bado, ingawa jirani yangu ananiambia Commando itaonyeshwa tena, na kwamba kijana ameniweka ndani: kuna mwalimu mmoja anayetupwa gengeni.