Jumatano: Kumsamehe Aliyevunja Agano

Soma Hosea 3:1–3. Hosea alilipa nini ili kumrudisha mkewe? Alimpa sharti gani?

Wanaume wengi huacha mashamba ya pamba na mpunga Shinyanga na kwenda kutafuta riziki kwenye maduara ya dhahabu Geita. Chukua mfano wa mume mmoja aliyeondoka hivyo. Mwanzoni alituma fedha kwa simu. Kisha ikaja miezi ya kimya, na hatimaye habari kwamba anaishi na mwanamke mwingine huko. Baadaye alirudi, akatubu na kumwomba mkewe msamaha. Mke akasema, “Nimekusamehe.” Lakini kila simu ya mumewe inapoita, moyo wake huchemka upya. Humwandalia ugali bila neno, na watoto wamejifunza kula kimya.

Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake ni sumu, na wa kwanza kuuvuta ni yule yule anayeichoma. Ikichomwa nyumbani, watoto nao huuvuta. Ndivyo ulivyo uchungu. Waebrania 12:15 inaonya kwamba shina lake likichipuka, huwachafua watu wengi.

Je, mke huyu ajifanye hakuumizwa? Hapana. Hosea hakuiita dhambi ile kuwa ndogo. Alitoa vipande 15 vya fedha pamoja na shayiri. Kumrudisha mkewe kulimgharimu. Kisha akaagiza siku nyingi za kukaa kwa uaminifu. Kusamehe ni kumwachia Mungu kisasi (Warumi 12:19), na hilo laweza kuanza leo. Kuaminiana hujengwa polepole, kwa ukweli na matendo, hata kwa kwenda kupima afya pamoja. Na pale mkosaji anapokataa kutubu, aliyeumizwa aweza kuuachilia uchungu bila kujirudisha kwenye madhara.

Soma Waefeso 4:31, 32. Paulo anauweka msamaha wetu juu ya msingi gani?

Mke huyu hatakiwi kuutoa msamaha kutoka katika moyo mtupu. Anagawa kile ambacho yeye mwenyewe amepokea msalabani, na huenda akahitaji kukiomba tena kila asubuhi.

Tafakari: Je, yuko mtu uliyemwambia umemsamehe, lakini bado unamdai moyoni? Darasa lenu linaweza kumsaidiaje aliyesalitiwa bila kumharakisha wala kueneza siri yake?