Masazo ya Shamba la Boazi

Je, mgeni ana haki ya kula kutoka kwa mfuko wa umma wakati wa janga?

Wengi wetu tuko na ndugu Marekani, basi tuangalie huko. Mwaka 2020 korona ilipofunga kazi, serikali ililipa watu wazima waliohitimu hadi dola 1,200 kila mmoja. Lakini wanandoa waliojaza ushuru pamoja, mmoja akikosa nambari ya hifadhi ya jamii, kwa kawaida walikosa wote wawili, hata kama mwenzake ni raia. Mtu wa biashara ataona hesabu hii haibalansi: ushuru wao ulipokelewa, wao wakaachwa nje.

California ikatoa dola 500 kwa mtu mzima asiye na vibali. Pesa hizo zilipitia mashirika ya kijamii, maana familia nyingi ziliogopa ofisi za serikali.

Mtu atasema, "Si tulishe wetu kwanza?" Ni swali zuri. Lakini ugonjwa hauulizi kitambulisho. Mwenye njaa ataenda kazini akikohoa, na wetu wataambukizwa.

Soma Ruthu sura ya 2. Torati ilishampa mgeni haki ya masazo. Bado Boazi aliwaagiza vijana wake wasimguse wala kumkemea. Alijua haki peke yake haiondoi hofu.

Kwa hivyo jirani mgeni akiugua, usimwonyeshe ofisi kwa kidole tu. Mpeleke. Msaidie kujaza fomu. Simama naye kwa laini mpaka aitwe. Amina.